Shajara ya mradi: robo mwaka zisizo na majibu katika takwimu za mapato ya kodi

Januari: mipaka ya kazi

Mradi huu unalenga kuandaa utaratibu, pamoja na programu yake katika lugha ya R, wa kushughulikia pengo linalobaki pale ambapo serikali iliyoulizwa imekusanya kodi kiasi gani katika robo mwaka fulani haikujibu. Ninaowaandikia ni wenzangu wanaojumlisha mapato ya kaunti za Kenya na halmashauri za Tanzania huku kwetu, lakini data ya majaribio nimeichukua Marekani. Ofisi ya Sensa ya nchi hiyo imekuwa ikikusanya takwimu za kodi za majimbo na za serikali za mitaa kila robo mwaka tangu miaka ya 1960, kwa hiyo mfululizo wake ni mrefu wa kutosha kuonesha mambo ambayo miaka michache haiwezi kuyaonesha. Isitoshe, sheria yao ya takwimu, ambayo inafunga kwa usiri mkali taarifa za mtu binafsi na za kampuni, haiziwekei kufuli hilo kumbukumbu za serikali zenyewe, na ndiyo maana jedwali la majimbo linaweza kusomwa na yeyote, jimbo kwa jina lake na kodi kwa aina yake.

Kazi yao ina sehemu tatu. Ya kwanza inayauliza majimbo yote 50 kuhusu kodi zao. Ya pili inauliza sampuli ya serikali za mitaa kuhusu kodi ya majengo na ardhi. Ya tatu inauliza sampuli nyingine kuhusu kodi za mitaa zisizo za majengo, kama vile kodi ya mauzo ya mji. Kujibu ni hiari. Kwa nchi yenye serikali za mitaa zaidi ya 90,000, hiari hiyo ina maana kwamba hakuna robo ambayo dodoso zote zitarudi, na Ofisi ya Uchambuzi wa Uchumi, ambayo hutumia takwimu hizo katika hesabu za pato la taifa, haiwezi kusubiri mhasibu wa mwisho apate nafasi. Pengo lazima lizibwe kwa makadirio, na anayeziba hana budi kusema ameliziba kwa kitu gani.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Ninachukua jedwali la majimbo, ninaficha kwa makusudi baadhi ya majibu, ninaiambia programu iyakadirie, kisha ninalinganisha makadirio na thamani halisi niliyoificha. Nimeanza na majimbo badala ya kaunti kwa kuwa huko ukweli upo mezani.

Mwishoni mwa Januari: sufuri na ukimya

Kabla ya kukadiria chochote, ilibidi kutenganisha nafasi tupu za aina mbili. Texas haitozi kodi ya mapato ya watu binafsi, na Florida vilevile. Oregon, Montana, Delaware, New Hampshire na Alaska hazina kodi ya mauzo ya jimbo zima. Nafasi ya Texas katika safu ya kodi ya mapato ni sufuri ya kisheria, na itabaki sufuri hata kama hazina ya jimbo hilo haitarudisha dodoso. Programu isiyojua hilo itachukua mwenendo wa California na New York na kuitengenezea Texas mapato kutoka hewani.

Nimetengeneza kwa hiyo jedwali la pili, lenye umbo lile lile la jedwali la mapato, ambalo kila nafasi yake ina mojawapo ya alama nne: kodi haipo kisheria, kodi ipo na jibu limepokelewa, kodi ipo na jibu halijapokelewa, kodi ipo lakini jibu lililopokelewa limejumlisha aina mbili pamoja. Alama ya nne inasumbua kuliko zote. Jibu la jumla linaonekana kama jibu kamili, na kodi moja inaonekana imepanda huku jirani yake ikiwa tupu. Katika hali hiyo kazi inayotakiwa ni kugawa jumla iliyopo kwa uwiano wa mwaka uliotangulia, kwa kuwa fedha zote zimesharipotiwa na kukadiria nafasi tupu kungekuwa kuzihesabu mara mbili.

Februari: kiwango cha majibu kinahesabiwa kwa kitu gani

Katika utafiti wa kaya, njia inayozoeleka ya kufidia waliokaa kimya ni kuongeza uzito wa waliojibu. Kama kaya tisa kati ya kumi zimejibu, kila moja inabeba sehemu ya ile ya kumi. Njia hiyo inaweza kutosha pale ambapo waliojibu na wasiojibu hawatofautiani sana kwa ukubwa. Katika mapato ya kodi haitoshi, kwa sababu fedha hazikugawanyika hivyo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna kaunti 100, na 90 kati yake zimejibu na kuripoti jumla ya milioni 90. Kaunti 10 zilizonyamaza ndizo zenye miji mikubwa, na kwa kweli zimekusanya milioni 90 nyingine. Tukiongeza uzito wa waliojibu kwa kuzidisha 100 na kugawa kwa 90, tunapata milioni 100, ilhali ukweli ni milioni 180. Kiwango cha majibu kwa idadi ya kaunti ni asilimia 90, ambacho mkuu yeyote wa kitengo angekipokea kwa tabasamu. Kwa fedha ni asilimia 50.

Kwa hiyo ripoti ya programu inatoa viwango viwili kila robo, kimoja cha idadi na kimoja cha fedha, na cha fedha kinatangulia. Mwongozo wa viwango vya takwimu uliotolewa mwaka 2006 na Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ya Marekani unataka uchambuzi wa upendeleo, yaani wa kuona kama wasiojibu wanatofautiana na waliojibu, ufanyike pale kiwango cha majibu ya walioulizwa kinapokuwa chini ya asilimia 80, na pale majibu ya swali moja moja yanapokuwa chini ya asilimia 70. Nimeiweka mipaka hiyo kama chaguo la awali la programu. Ni kizingiti cha kuanzia mazungumzo, kwani asilimia 85 inayokosa majimbo manne makubwa ina hatari kuliko asilimia 70 inayokosa vijiji.

Jambo moja la kihesabu linafaa kuandikwa hapa, kwa sababu linapunguza mabishano. Ukirekebisha uzito kwa kutumia mapato ya mwaka uliopita kama kipimo cha ukubwa, jumla unayoipata ndani ya kundi moja ni ile ile utakayoipata ukimkadiria kila mnyamavu kwa kuzidisha mapato yake ya mwaka jana na uwiano wa ukuaji wa waliojibu. Nimechagua njia ya kumkadiria kila mmoja hata hivyo. Inaacha namba yenye jina la mwenyewe, na siku jibu lake litakapofika, namba hiyo inaondolewa na halisi kuwekwa bila kugusa nyingine.

Machi: kalenda

Swali la kwanza la mtu anayejazia nafasi tupu ni atazame wapi: robo iliyotangulia au robo kama hii ya mwaka jana. Jibu limo ndani ya sheria za kodi, na nimetumia sehemu kubwa ya mwezi kuzisoma.

Kodi ya majengo ndiyo inayofundisha zaidi. Florida hutuma ankara karibu na Novemba na kumpa punguzo la asilimia 4 anayelipa mwezi huo, asilimia 3 anayelipa Desemba, asilimia 2 Januari na asilimia 1 Februari; wengi hukimbilia Novemba, kwa hiyo robo ya mwisho ya mwaka inafurika na robo ya tatu ni kavu. Texas hutoa muda hadi 31 Januari, hivyo malipo yake yanagawanyika pande mbili za mwaka mpya. California ina awamu mbili ambazo mwisho wake wa kulipa bila adhabu ni 10 Desemba na 10 Aprili. New Jersey inalipisha kila robo, tarehe mosi za Februari, Mei, Agosti na Novemba, na mapato yake yanatiririka karibu sawasawa mwaka mzima.

Kwa hali hiyo, kunakili robo iliyotangulia kunaweza kukubalika New Jersey na kukawa upuuzi Florida. Robo kama hii ya mwaka jana ni msingi bora karibu kila mahali. Nasema karibu, kwa sababu kalenda nayo husogezwa. Katika Kaunti ya Cook, yenye jiji la Chicago, awamu ya pili ya kodi ya majengo kwa kawaida hudaiwa mwanzoni mwa Agosti. Mwaka 2022 ankara zilichelewa na tarehe ya mwisho ikawa 30 Desemba. Fedha zilizozoeleka katika robo ya tatu zikahamia robo ya nne, na nyingine kupitiliza hadi Januari. Anayeikadiria Cook kwa robo ya tatu ya 2022 akitegemea robo ya tatu ya 2021 ataandika mapato ambayo hayakuwepo, na robo ya nne ikiripotiwa kama ilivyo, fedha zile zile zitahesabiwa mara mbili.

Mfano wa pili umetoka kwa walipakodi wenyewe. Sheria ya kodi ya Marekani iliyotiwa saini Desemba 2017 iliweka kikomo cha dola 10,000 kwa kodi za jimbo na za mitaa ambazo mtu anaweza kuzipunguza katika hesabu ya kodi ya shirikisho, kuanzia mwaka 2018. Siku za mwisho za Desemba watu walipanga foleni katika ofisi za watunza hazina, hasa katika majimbo yenye kodi kubwa ya majengo, ili walipe mapema kabla kikomo hakijaanza. Robo ya nne ya 2017 kwa maeneo hayo ni msingi mbovu wa kukadiria robo ya nne ya 2018.

Programu sasa ina jedwali la tatu, la kalenda: kila kodi ya kila jimbo, tarehe zake za kawaida, na tarehe zilizosogezwa kwa mwaka husika. Kulijaza ni kazi ya mikono. Sioni njia ya mkato.

Aprili na Mei: uwiano wa nani

Kanuni ya msingi ni hii. Chukua mapato ya mnyamavu katika robo kama hii mwaka jana, yazidishe kwa uwiano wa mapato ya waliojibu mwaka huu na mapato ya hao hao mwaka jana. Kanuni ina mstari mmoja. Ugumu wote umo katika kuamua "hao" ni akina nani.

Nilianza na kodi ya mapato ya watu binafsi, na mwaka 2020 ukawa mtihani wa kwanza. Serikali ya shirikisho ilisogeza tarehe ya mwisho ya kulipa kutoka 15 Aprili hadi 15 Julai, na majimbo mengi yakafuata. Fedha za robo ya pili zikahamia robo ya tatu. Kama majimbo yote yangesogeza kwa namna moja, kanuni ya uwiano isingetikisika, kwa kuwa waliojibu wangeonesha mshuko ule ule ambao mnyamavu alikuwa nao. Lakini Virginia ilibakiza tarehe yake ya kuwasilisha hesabu, 1 Mei, na kuruhusu malipo hadi 1 Juni. Tarehe zote mbili zimo ndani ya robo ya pili. Nilipoificha Virginia na kuiacha programu ichukue uwiano wa majimbo mengine yote, makadirio yalikuwa chini sana ya ukweli. Na katika robo ya tatu, ambapo wengine walikuwa wakipokea malipo yaliyoahirishwa, yalikuwa juu sana. Msomaji akitazama mistari hiyo miwili ya jedwali, namba halisi za Virginia zimelala tulivu huku za kukadiria zikizama na kuruka.

Dawa ni kugawa makundi kwa tarehe ya mwisho ya malipo badala ya kanda ya kijiografia. Vitabu vingi vya mafunzo huanza na kanda, na majirani mara nyingi hufanana kwa uchumi, ila katika robo kama ile ya 2020 Maryland haikuisaidia Virginia chochote.

Mtihani wa pili ni California mwaka 2023. Baada ya dhoruba za majira ya baridi, mamlaka ya kodi ya shirikisho iliwaongezea muda wakazi wa kaunti 55 kati ya 58 za jimbo hilo hadi 16 Oktoba, na siku yenyewe ilipofika ikaongeza tena hadi 16 Novemba. Jimbo likafanya vivyo hivyo kwa kodi yake. Malipo ya Aprili yakahamia robo ya nne. Hapa California haikuwa kimya, ilijibu, na tatizo ndipo lilipo. Jimbo hilo ni kubwa kiasi kwamba likiwekwa katika kundi la waliojibu, uwiano wa jumla unakuwa kivuli chake. Kwa mfano wa kubuni: jimbo kubwa limeshuka kutoka 40 hadi 20 kwa sababu ya tarehe, na madogo mawili yamebaki 10 na 10. Uwiano wa jumla ni 40 kwa 60. Jimbo la nne lililonyamaza, ambalo mwaka jana lilikusanya 8, linakadiriwa kuwa na 5.3, ingawa kalenda yake haikuguswa na dhoruba yoyote. Ukipanga uwiano wa kila jimbo lililojibu kwa ukubwa na kuchukua ule wa katikati badala ya uwiano wa jumla, jibu ni 8.

Kwa hiyo programu inahesabu uwiano wa aina zote mbili, na zikiachana kupita mpaka uliowekwa, inasimama na kumtaka mchambuzi aangalie. Sikutaka ichague yenyewe. Uwiano wa katikati unamlinda mnyamavu mdogo dhidi ya jitu moja, lakini pale ambapo mnyamavu ni jitu lenyewe, uwiano wa majimbo madogo ya vijijini haumfai pia. California ikinyamaza, hakuna kundi linaloweza kuiazima uwiano. Inatafutwa kwa simu, au inasomwa katika taarifa za kila mwezi za hazina yake ambazo zimewekwa wazi kwa umma. Nimeandika katika mwongozo kwamba serikali kubwa zaidi katika orodha, zile ambazo kwa pamoja zinabeba nusu ya fedha, hazikadiriwi kamwe kabla ya vyanzo hivyo kutazamwa.

Kodi ya mauzo ilikuwa na mtego wake. Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair kwamba jimbo linaweza kumtaka muuzaji asiye na duka ndani ya jimbo akusanye kodi yake ya mauzo. Majimbo hayakuanza siku moja: California ilianza Aprili 2019, Texas Oktoba mwaka huo, Florida Julai 2021, na Missouri Januari 2023. Katika mwaka wa kwanza wa utozaji, ukuaji wa jimbo unajumuisha wauzaji wapya ambao mwaka uliotangulia hawakuwemo. Ukimkadiria aliyekwisha kuanza kwa uwiano wa wasioanza, unamnyima. Ukifanya kinyume, unamzawadia. Safu ya "mwaka wa kwanza wa sheria mpya" imeongezwa katika jedwali la kalenda.

Kodi ya uchimbaji wa mafuta na madini nimeitoa kabisa katika makundi ya jumla. North Dakota, Wyoming na Alaska hufuata bei ya mafuta, na bei hiyo haifuati mshahara wala mauzo ya rejareja. Kila aina ya kodi inakadiriwa peke yake, kisha jumla inapatikana kwa kujumlisha. Kukadiria jumla kwanza na kuigawa baadaye kunaifanya Alaska ionekane kama Ohio.

Juni: ukimya wenye sababu

Majaribio yote hadi hapa yalificha majibu kwa bahati nasibu, nami nilijua tangu mwanzo kwamba ukweli hauko hivyo. Mwanatakwimu Donald Rubin alieleza mwaka 1976 tofauti ambayo kila mtu katika kazi hii anaitegemea: kuna kukosekana kusikohusiana na kitu chochote, kuna kukosekana kunakoelezeka kwa mambo tunayoyajua, na kuna kukosekana kunakohusiana na thamani yenyewe iliyokosekana hata baada ya kuzingatia yote tunayoyajua. Aina ya kwanza ni nadra. Ya pili ndiyo kanuni ya uwiano inayoidhani. Ya tatu haionekani ndani ya data, kwa kuwa ushahidi wake ndio uliokosekana.

Katika kodi, aina ya tatu ina sura zinazotambulika. Mei 2019 mifumo ya kompyuta ya jiji la Baltimore ilitekwa na wahalifu waliodai fidia, na huduma za jiji, malipo yakiwamo, zikavurugika kwa majuma. Mahali palipopigwa namna hiyo, mfumo unaopaswa kutoa ripoti na mfumo unaopokea fedha huanguka pamoja. Kimbunga Katrina cha 2005 kilifanya vivyo hivyo kwa New Orleans kwa njia nyingine: ofisi zilifungwa, nyumba za kutozwa kodi zikazama. Katika hali za namna hii, kumkadiria mnyamavu kwa ukuaji wa wenzake walio salama ni kumwandikia mapato ya kawaida katika robo isiyo ya kawaida.

Kuna pia ukimya wa kawaida kabisa, nao nilitaka kuuelewa kutoka kwa mtu aliyeujua. Nilimtembelea mzee mmoja aliyestaafu katika idara ya mapato ya kaunti moja ya Kenya, nikamwonesha dodoso la mfano. Alilisoma taratibu, akaweka miwani mezani. "Mwanangu, hapa mnauliza fedha zilizoingia kati ya tarehe hii na hii. Vitabu vyangu vilikuwa na stakabadhi zilizotolewa. Benki ilikuwa na zilizofika. Mpaka nizilinganishe, robo nyingine ilikuwa imekwisha anza." Nikamuuliza kama waliwahi kuacha kujibu kwa kuwa makusanyo yalikuwa mabaya. Akacheka kidogo: "Mzee wa fedha hapendi kutuma karatasi yenye aibu, lakini hasemi hivyo. Anasema bado tunalinganisha."

Maelezo hayo nimeyageuza kuwa vitu viwili. Dodoso la mfano sasa linauliza kwanza kama takwimu ni za stakabadhi au za benki, na linapokea jibu la awali lenye alama ya kurekebishwa baadaye. Na kila mnyamavu anapewa sababu ya ukimya katika jedwali, hata kama sababu ni "haijulikani", ili baada ya robo kadhaa tuone iwapo waliosema bado wanalinganisha huja na namba za chini kuliko makadirio yetu. Wakifanya hivyo mara kwa mara, uwiano wao unastahili kushushwa, na kiasi cha kushusha kitatoka katika majibu yao wenyewe yaliyochelewa.

Kwa wanyamavu wadogo walio wengi, ambao hatuwezi kuwapigia wote simu, nimerudi kwa wanatakwimu Hansen na Hurwitz, ambao mwaka 1946 walipendekeza kuchukua sampuli ya wasiojibu dodoso la posta na kuwafuata hao wachache kwa bidii hadi wajibu, kisha kuwapa uzito wa kuwakilisha wanyamavu wenzao. Ni wazo la zamani na linagharimu nauli, ila ndilo linalopima wanyamavu kwa wanyamavu. Mbinu nyingine zote ninazozijua zinawapima kwa waliojibu.

Julai: alama na kosa la makadirio

Kila thamani iliyokadiriwa inabeba alama, njia iliyotumika, kundi lililotoa uwiano na tarehe. Majibu yakichelewa kufika, robo zilizopita zinarekebishwa na toleo la zamani linahifadhiwa, kama Ofisi ya Sensa inavyorekebisha robo zilizotangulia inapotoa mpya.

Kuhusu kosa: programu ikizichukulia namba zilizokadiriwa kama zimeripotiwa, kosa linalochapishwa linakuwa dogo kuliko lilivyo. Nimetumia ukadiriaji wa mara nyingi wa Rubin, ambapo kila nafasi tupu inajaziwa mara kadhaa kwa thamani tofauti zinazowezekana, na tofauti kati ya majedwali hayo inaongezwa juu ya kosa la kawaida. Kwa majimbo 50, ambako hakuna sampuli, kosa lote linatokana na ukadiriaji, na mtu akiona sufuri pale ajue hesabu haijafanywa.

Agosti: Kenya

Data ya mapato ya ndani ya kaunti 47, kama inavyotolewa katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti, sasa imeingizwa. Tofauti ya kwanza na Marekani ni kwamba kuripoti si hiari: Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka hazina za kaunti ziandae ripoti kila robo mwaka. Tatizo kwa hiyo ni la kuchelewa na la ripoti nusu kuliko la kukataa. Tofauti ya pili ni urefu wa mfululizo, kwa kuwa kaunti zilianza kazi mwaka 2013, na tofauti ya tatu ni mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai, ambao unabadilisha namba za robo katika jedwali la kalenda.

Msimu ni mkali kama wa Florida. Leseni za biashara na ada za ardhi hulipwa zaidi kati ya Januari na Machi, kwa hiyo robo ya tatu ya mwaka wa fedha ndiyo inayobeba kaunti nyingi. Narok haimo katika wengi hao. Mapato yake yanategemea ada za kuingia Maasai Mara, na wageni hufurika kati ya Julai na Oktoba wakati nyumbu wanapovuka, hivyo kilele chake kinaangukia mwanzoni mwa mwaka wa fedha. Kundi la kaunti za Bonde la Ufa, lililopangwa kwa kanda, lingeikadiria Narok kwa mwenendo wa Nakuru, na Nakuru kwa wa Narok. Isitoshe, safari za ndege za kimataifa zilisitishwa Machi 2020 na kurejea 1 Agosti mwaka huo, jambo linaloifanya Julai hadi Septemba 2020 isifae kuwa msingi wa mwaka uliofuata. Kwa Narok programu inarudi nyuma hadi 2019, na chanzo mbadala kinachopendekezwa ni rekodi za milango ya hifadhi.

Kwa Tanzania nimeandika ukurasa mmoja tu kwa sasa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme kwa mfumo wa LUKU, hivyo ukimya wa halmashauri hausemi chochote kuhusu kodi hiyo, na mwenendo wa miaka iliyotangulia hauwezi kutumika kama msingi. Ushuru wa mazao na ada za masoko ndivyo vitakavyohitaji makundi, na makundi hayo nitayapanga kwa zao na msimu wa mavuno: korosho ya Mtwara na Lindi peke yake, pamba ya Shinyanga na Simiyu peke yake, kahawa ya Kagera peke yake. Jedwali la kalenda la halmashauri hizo ndilo linalojazwa sasa.